Kukata tailizi mwenyewe nyumbani: soma hapa kabla hujaenda kununua mashine

Juzi nimeposti picha za bafu langu, inbox ikajaa. Kuna dogo mmoja wa Morogoro kaandika "shikamoo kaka, na mimi nataka nikate tailizi mwenyewe, ninunue grinda au ile mashine ya kuvuta kwa mkono?" Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu, nikaona bora niliweke hapa maana najua na wewe unayesoma una kajumba kako unakajenga mdogo mdogo na umeshachoka kulipa watu wasiomaliza kazi.

Mimi hii kazi nimeingia kwa hasira. Fundi wangu (jina lake namwachia Mungu) alibandika tailizi nzima nzima zote, ukuta unang'aa, mimi napiga picha namrushia mke wangu, jamaa akaomba amaliziwe hela yake kwamba mtoto anaumwa. "Vimebaki vipande tu bosi, kesho asubuhi nakuja." Wewe unayezijua tailizi utakuwa umeshacheka, maana kazi yenyewe ndo hivyo vipande! Kuzungusha kwenye bomba, kona ya dirisha, mstari wa chini pale mlangoni, kuzunguka tundu la kutolea maji. Nzima hata mwanafunzi atabandika ukimshikia pimamaji. Kesho ikafika, simu haipatikani, ila WhatsApp namuona anaweka status akiwa saiti nyingine kabisa. Inauma mpaka leo, sitaki kusema uongo. Basi nikasema hivi vipande ntavikata mwenyewe, na nimevikata, na aliyeona hizo picha aseme kama kuna kona imekaa ovyo.

Haya, jibu lenyewe. Kama una hela ya kimoja na tailizi zako ni za ukutani, anza na ya mkono, ile yenye reli mbili na kigurudumu. Haili umeme, haina vumbi la maana, na mkato wake umenyooka kuliko wa grinda (ile ya umeme yenye diski) iliyoshikwa na mtu anayejifunza. Ila ujue kwanza una tailizi gani. Geuza mgongo, dondoshea tone la maji. Likinywewa haraka hiyo ni seramiki ya kawaida, mwili wake laini, mashine ya mkono inaimaliza. Likikaa juu linakutazama tu hiyo ni posileni, inakunywa maji chini ya asilimia 0.5, ngumu balaa, hapo utahitaji mashine nzito au grinda.

Kwenye ya mkono siri ni moja: chora mstari kwa kigurudumu mara moja. Uso unaong'aa juu, kigurudumu ukipake tone la mafuta, kandamiza kwa nguvu ileile kuanzia ukingo mpaka ukingo. Utasikia mlio wa mfululizo kama mtu anachana kitambaa kipya. Mlio ukikatika katikati, hapo hapajachorwa, na ndipo tailizi itakapopindia. Watu wanarudia rudia mstari wakidhani wanaimarisha, kumbe wanauvuruga, ukibonyeza inapasuka inavyotaka yenyewe. Mara moja tu, kisha bonyeza mkono wa mashine, tak.

Grinda ni ya kona na matundu. Na hapa nawaomba jamani, acheni kuulizana grinda ya kampuni gani, ulizeni diski. Ukiingia hadwea ukasema "diski ya tailizi" anaweza kukupa ile ya almasi yenye mikato mikubwa ukingoni, ile ni ya zege na tofali, itamegua rangi ya juu yote. Chukua yenye ukingo mzima, duara lisilokatika. Angalia na kasi iliyoandikwa juu yake, grinda nyingi za inchi 4 na nusu zinazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, diski lazima iimudu. Bandika selotepu ya karatasi kwenye mstari, pita kwanza juu juu milimita moja au mbili, ndo urudi kuzamisha. Mkato wa L, yaani kona ya dirisha, toboa kwanza tundu dogo pale kwenye kona ya ndani kisha kata kulifuata, bila hivyo ufa unakimbia mpaka mwisho wa tailizi. Tundu la bomba tumia biti ya duara ya almasi, anza umeilaza kidogo ili isiteleze, drili isiwe kwenye kugonga.

Na kabla ya kukata chochote, panga kwa hesabu. Ukuta wa sentimita 245, tailizi ya 30, nafasi milimita 2. Ukianzia kona zinaingia nane, inabaki sentimita 3 na ushee, kipande cha aibu na kukikata ni mateso. Weka saba nzima katikati, kila upande utapata kipande cha kama 16 na nusu. Fundi mwenye haraka hakufanyii hivi hata siku moja.

Vumbi sasa. Vijana wanakata ndani chumba kimefungwa, fulana imefungwa puani, wanajiona wanaume. Lile vumbi lina silika, yaani chembe laini mno za madini yaleyale ya mchanga, inakaa kwenye mapafu na haitoki, ugonjwa wake unaitwa silikosisi na hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Katia nje, vaa barakoa ya maana na miwani, kava la grinda lisitolewe kwa sababu yoyote ile. Lowesha tailizi kwa sponji, ila grinda ya kawaida usiimwagie maji, ule ni umeme kaka. Afya yako ni ya watoto wako pia, bafu litasubiri.

Mwisho, nunua ziada kama asilimia 10, na mbele ya muuzaji linganisha namba ya toleo na ya rangi kwenye kila boksi, ziwe za viwanda vya hapa nchini, Mkuranga au Chalinze, au za kutoka nje. Ukirudi baada ya mwezi kuongeza boksi moja, jina litakuwa lilelile lakini nyeupe yake inaweza kuwa nyingine.