Fanksheni ya mtu haijaribiwi kwa kuiita

Wadogo zangu wa Tabora mnaoanza Python, wiki hii nimepitia kodi zenu nikaikuta ile `try` yangu ya zamani, ya kuita fanksheni kwa kubahatisha na kunasa kosa lake kwa `except`. Jamani, nani anawarithisha?

1. Msikisie idadi ya agumenti (thamani mnazoipa fanksheni) kwa TypeError, kosa ambalo Python hurusha agumenti zikizidi au kupungua, na pia aina za data zisipopatana. Mnaita fanksheni ya mteja kwa agumenti mbili, ikilia mnairudia kwa moja. Nami nilifanya hivyo kwenye programu ya ghala la asali. Kila mnunuzi alileta fanksheni yake ya bei. Wengine walitaka kilo tu, wengine kilo na unyevu, maana maji yakizidi asilimia 20 bei inashuka. Mmoja alileta `bei(kilo, unyevu=18)`, yaani isipopewa unyevu inachukua 18. Ilianza kwa kuandika mzigo daftarini, ndipo ikaangalia kama unyevu umezidi 20. Sasa mimi nilikuwa nausoma unyevu kutoka kwenye faili kama maandishi, "23" badala ya 23. Python hailinganishi maandishi na namba, ikarusha TypeError ya haki kabisa, kutoka ndani. `except` yangu ikaipokea kwa bashasha, ikadhani agumenti zimezidi, ikaita upya kwa kilo peke yake. Unyevu ukarudi 18, asali ya majimaji ikapewa bei kamili, na daftari likaandikwa mzigo uleule mara ya pili. Wala hakuna kilicholia! Mama wa mizani ndiye aliyeniita: "Mwanangu, ndoo za stoo nimezihesabu. Hizi nyingine za kwenye kompyuta umerina wewe?"

Nilishinda ghalani nafuta mistari ya daftari kwa mkono, yeye kakaa pembeni anamenya karanga na kunisomea risiti kwa sauti ya mwalimu.

2. `inspect.signature`, inayosoma parameta za fanksheni bila kuiita, ipo tangu Python 3.3. Tumia `bind` yake, inayopima kama agumenti zako zinaingia kwenye parameta hizo, siku mteja anaposajili fanksheni. Kama agumenti haziingii, mkatalie hapohapo.

3. Wa JavaScript msicheke. Kwenu agumenti ya ziada inatupwa kimyakimya, inayopungua inakuwa `undefined`, yaani haina thamani. Jaribuni `["1","2","3"].map(parseInt)` muone 1, NaN, NaN (NaN maana yake si namba): `map` inapeleka na nafasi ya kila kipengele, `parseInt`, inayogeuza maandishi kuwa namba, inadhani ni kizio cha namba (kama kizio cha 10 au cha 2). Na `length` ya fanksheni, inayotaja idadi ya parameta zake, huacha kuhesabu ikifika kwenye parameta yenye thamani ya awali, kwa hiyo msiiamini sana.

4. Mkipanga wenyewe, pelekeni agumenti moja tu, kamusi (`dict`) yenye kilo, unyevu na tarehe. Mteja achukue anachotaka, na mwakani mkiongeza rangi ya asali hakuna fanksheni ya zamani itakayovunjika.