Maua ya shuka yametuna baada ya kufuliwa

Swali: Shikamoo mama. Nipo Tukuyu. Nimedarizi shuka jeupe la pamba na foronya zake, maua makubwa mekundu. Nilipoyatoa kwenye fremu yalikuwa yamelala vizuri kabisa. Nimefua mara moja tu, maua yametuna kama malengelenge na nyekundu imechujia kitambaa. Mteja ni bibi harusi. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana. Hilo neno lako "yametuna" ndilo limenipa jibu. Uzi ukikazwa mno, makunyanzi hutawanyika kuzunguka ua kama miale ya jua, na ungeyaona siku ileile ulipofungua fremu. Ua likituna katikati huku kitambaa cha pembeni kikivutika, ujue kitambaa ndicho kilichosinyaa. Pamba mpya hutoka kiwandani imevutwa na kutiwa wanga. Ikiingia maji, nyuzi zake zinajirudia. Pale palipojaa uzi hapakubali kusinyaa, basi panainuka.

Kwa hiyo kitambaa kifuliwe kabla hujachora hata jani moja. Kiloweke usiku kucha, kifue kwa sabuni, kianike, kipige pasi. Kama una haraka, kata kipande cha sentimita 20 kwa 20, kifue, kipime tena. Kikipungua sentimita 1, shuka la mita 2 litapungua sentimita 10. Mimi nimedarizi miaka mingi hapa Mbeya, na bado sijawahi kuruka hatua hii bila kujuta.

Kuna jambo la pili, nalo ni petali zako. Ua kubwa halijazwi kwa mshono mmoja mrefu kutoka ukingo hadi ukingo. Mshono ukizidi sentimita 1 hulegea, hunasa kucha, na ukifuliwa hunyanyuka. Petali pana ijaze kwa safu. Kwanza zungusha ukingo kwa mshono mdogo wa kurudi nyuma. Kisha anzia ukingoni kuelekea moyo wa ua: mshono mrefu, mfupi, mrefu, mfupi, ukiificha ile mistari ya ukingo. Safu ya pili, sindano itokee katikati ya uzi wa safu ya kwanza, iupasue kabisa, ndipo safu zishikane na rangi ziingiane bila mpaka. Tumia nyuzi 2 kati ya zile 6 zilizosokotwa pamoja, zisizozidi sentimita 45, kwa sababu uzi mrefu husuguka kila unapopita kwenye kitambaa na kupoteza mng'ao. Ukimaliza mshono, pitisha sindano chini yake, upande wa tundu. Ikipita bila kulazimisha, umekaza sawasawa.

Rangi nayo ipimwe mapema. Lowesha uzi mwekundu kwa maji ya moto, ubane ndani ya kitambaa cheupe, piga pasi juu yake. Ukiacha alama, uloweke na kuusuuza mpaka maji yawe meupe, au uache dukani. Kwenu Tukuyu mvua haina huruma, shuka linaweza kukaa kambani siku mbili likiwa bichi, na nyekundu husafiri polepole katika unyevu. Baada ya kusuuza, liviringishe ndani ya taulo kavu, likamue, kisha ulitandaze. Kazi ya kudarizi isikunjwe ikiwa mbichi hata kwa saa moja.

Sasa tuokoe hili. Usipige pasi kabla doa halijatoka, maana joto hulikaza. Jaza beseni maji baridi, loweka, badilisha maji kila yanapogeuka mekundu, hata mara kumi. Jiki usiguse, itakula uzi pamoja na doa. Shuka likiwa bado bichi, litandaze juu ya godoro lililofunikwa taulo nene, livute taratibu kufuata nyuzi za kitambaa, si mshazari, kisha lishikize kwa pini zisizoshika kutu mpaka likauke. Ndipo upige pasi kwa nyuma, ua likitazama taulo. Uvimbe utapungua sana, ingawa hautaisha wote.

Anza na foronya moja. Ikigoma, hiyo unaweza kuidarizi upya kabla ya harusi, na utakuwa umejua la kufanya na shuka.