Bakuli langu lilikosa nini?

Mhariri, swali lenu la wiki hii, kama serikali ilegeze sheria za plastiki wakati wa mlipuko wa maradhi, limenirudisha 2020, kwenye foleni ya mbaazi mtaani kwetu Majengo.

Sisi watu wa Mombasa mbaazi za asubuhi twaziendea na bakuli. Korona ilipoingia Machi mwaka ule, mama muuzaji akalikataa langu. "Mwanangu, vyombo vya watu siku hizi sishiki." Akanitilia kwenye nailoni, akapiga fundo. Nailoni hizo zilikuwa marufuku tangu 28 Agosti 2017, na faini yake yaanzia shilingi milioni 2, lakini nani angemshika siku zile?

Simlaumu, aliogopa. Ila nilikuwa namtazama. Upawa wake ulimimina kutoka juu. Haukugusa nailoni, wala bakuli langu usingeligusa. Nailoni yenyewe, sasa, ilikuwa imegandana, akashusha barakoa kidevuni akaipuliza kwa mdomo ifunguke. Ndipo akanitilia chakula.

Sisemi plastiki yote ni mbaya. Hakuna mwenye akili atakayemwambia nesi aoshe glavu au sindano azitumie tena. Hata marufuku ya 2017 iliiacha mifuko ya taka za hospitali, kwa hiyo sheria yetu inajua kuchagua. Tena ni 5 Juni 2020, korona bado mbichi, Kenya ilipoanza kukataza plastiki za kutumia mara moja kwenye mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Waliosema haiwezekani kubana wakati wa maradhi waanzie hapo.

Na sisi wa Pwani tuna sababu yetu zaidi. Mwisho wa 2017 kuingia 2018 chikungunya, homa ya kuumiza viungo, ilitupiga, vijana wakawa wanashuka ngazi wameshika ukuta kama wazee. Anayeieneza ni Aedes, mbu anayeuma mchana, na huyo hangoji dimbwi. Kikombe cha maziwa mala kilichotupwa uani, kikipata mvua, kinamtosha kutagia. Ukifungulia vikombe na mikebe ya plastiki kwa kuogopa maradhi haya, utakuwa unamjengea nyumba mbu wa maradhi yale.

Kwa hiyo jibu langu: ilegezwe, lakini kwa kutaja kifaa, kutaja mahali, na kuandika tarehe ya mwisho. Glavu za zahanati, sawa, pamoja na tanuri la kuzichomea. Mbaazi, hapana. Na barakoa zile za buluu, ambazo wengi walidhani ni kitambaa kumbe ni plastiki, zitolewe pamoja na mapipa yake, zisiishie kukanyagwa kwenye mteremko wa feri Likoni.

Hilo la tarehe nalisisitiza kwa sababu mama yule bado yupo. Bakuli langu siku hizi analipokea, hata kuniongeza nusu upawa. Lakini nailoni ziko pale pale chini ya meza, ndani ya debe, kwa wanaokuja mikono mitupu. Ruhusa ya 2020 hakupewa na mtu, na hakuna aliyekuja kumwambia imekwisha.

Msomaji, Majengo, Mombasa