Vijana wa jenereta, kabla hujashika ule mpini nisikilize

Nimekuja na hasira kidogo, mnisamehe. Juzi nimeitwa kwenye nyumba moja, jenereta mpya ya 10 kVA (ndo kipimo cha ukubwa wake) inang'aa, imekaa kwenye zege safi, nikasema moyoni leo vijana wamenifurahisha. Nikaifuata kebo kwa macho, inatoka kwenye jenereta, inaingia ukutani, inatokea stoo, halafu plagi. Plagi imechomekwa kwenye soketi ya ukutani. Yaani kebo ina plagi huku na plagi huku, dume kwa dume, na kijana aliyeifunga anajibu bila wasiwasi, "si unazima tu meni swichi kwanza, mkuu". Nikamuuliza na siku ukisahau? Akacheka. Mimi sikucheka, maana na mimi nimewahi kucheka hivyohivyo na nitawaambia ilinigharimu nini. Sasa kaeni chini.

1. Chenji ova, ile swichi ya mpini inayochagua nyumba ile umeme wa gridi au wa jenereta, haina mjadala. Mpini ukiwa upande wa jenereta hauwezi kuwa upande wa gridi hata uusukume kwa goti, ndo kazi yake, haikuwekwa pale kwa urembo. Ukirudisha umeme kwenye laini ya nje, transfoma ileile iliyokuwa inashusha volti 11,000 kuja 230 inageuka inapandisha, na huko nguzoni kuna mtoto wa watu kapanda anajua laini imekufa. Na gridi ikirudi meni ikiwa on, jenereta yako inakutana na gridi uso kwa uso, hapo usiwe karibu. Tuseme hata haya yote hayatokei: soketi ile na waya wake viliwekwa kwa ajili ya ampea 13 au 16, wewe unapitishia nyumba nzima kutoka kwenye mashine inayoweza kutoa zaidi ya 40, na breka ya ule waya iko huko kwenye boksi la breka, siyo upande ambao sasa umeme unaingilia. Ukimkuta mwenzako anatengeneza kebo ya plagi mbili, ikate. Mkosane, mtapatana.

2. Saizi. Mwenye nyumba atakwambia "ni taa na TV tu, fundi". Usibishane naye, hajakudanganya, hajui tu. Zunguka mwenyewe, fungua kila mlango, utakuta friza mbili na pampu ya maji nyuma ya banda. Mota ikiwaka inavuta mara tano mpaka saba ya ampea zake za kawaida, kwa hiyo pampu inayokula ampea 9 ikiwa inazunguka inaweza kudai 45 na zaidi ile sekunde ya kuanza, na 10 kVA ya fezi moja mwisho wake ni 43 hivi. Hapo taa zinasinzia, jenereta inakohoa, na wewe unapigiwa simu usiku. Halafu 10 kVA kwa pawa fakta (ile sehemu ya kVA inayofanya kazi kweli) ya 0.8 ni kW 8, nimechoka kulisema hili. Ila pia msiende upande wa pili mkanunulisha watu midude mikubwa kwa sifa, dizeli ikikaa muda mrefu chini ya asilimia 30 ya uwezo wake haichomi mafuta vizuri, masizi yanajaa, eksozi inaanza kulia machozi meusi.

3. Nyutro, ule waya wa kurudishia umeme. Hapa ndo nilipotaka kufika.

Nilikuwa na miaka mitatu kwenye kazi, ule umri mbaya ambao hujajua vizuri ila mkono umeshakuwa mwepesi. Nyumba ya fezi tatu, jenereta ya dizeli 20 kVA, chenji ova ya mkono ya poli nne, yaani inahamisha fezi zote tatu pamoja na nyutro. Siku ya pili jioni nilikuwa namalizia, mama mwenye nyumba ana ugeni kesho yake, kila baada ya dakika kumi anachungulia, "bado kidogo, fundi?" na mimi "bado kidogo, mama". Kebo ya kutoka kwenye jenereta nilishaikata, na nyaya zote nne nilizikata urefu mmoja, kosa la kwanza hilo, maana teminali ya nyutro ilikuwa ya mwisho kabisa pembeni. Fezi zikafika vizuri. Nyutro ikafika kwa kujivuta. Nikaimenya kidogo, nikaisukuma ndani, nikakaza skrubu mpaka mkono ukauma. Nikaivuta kuijaribu, ikashika. Nikajisifu kabisa.

Nikahamisha mpini kwenye gridi, nyumba nzima inawaka, kila kitu poa. Na ilikuwa lazima iwe poa, kwa sababu nyutro ya gridi ina teminali yake nyingine, ile yangu ya upande wa jenereta ilikuwa bado haijaguswa na mtu. Nikawasha jenereta, nikapima palepale kwenye jenereta yenyewe: fezi kwa fezi 400, 400, 400, fezi kwa nyutro 230 zote tatu. Nikaja kwenye chenji ova, teminali za upande wa jenereta, nikapima fezi kwa fezi, 400, 400, 400. Basi. Fezi kwa nyutro pale kwenye teminali sikupima. Sekunde kumi hizo jamani, mita ninayo mkononi! Na breka zote za DB, lile boksi la breka za nyumba, ziko juu, nyumba nzima inasubiri.

Nikashusha mpini.

Taa za sebuleni ziliwaka vizuri kuliko siku zote na mama akapiga makofi. Mpaka leo nikikumbuka yale makofi nakunja uso. Mwanga ukawa mweupe mkali, balbu moja ikapasuka pu, ya pili, ndani ya TV kikasikika kitu kama njiti inavunjika, halafu ikaja harufu ya kapasita iliyokufa, ambayo anayeijua anaijua. Toka pale mpaka kwenye mpini zilikuwa hatua tatu, maana nilishasogea kwenda kumwangalia mama akifurahi. Hatua tatu zilitosha. Zikaondoka TV, king'amuzi, ruta, chaja mbili, friji na karibu taa zote za sebule. Hita ya maji peke yake ilikuwa nzima, haina hata habari.

Ambaye hajaelewa: nyutro ikikatika kwenye fezi tatu, vitu vya fezi hii na vya fezi ile vinabaki vimening'inia pamoja kwenye zile 400, vinagawana. Kizito kinachukua volti kidogo, chepesi kinaachiwa zilizobaki. Hita ilikuwa nzito kwenye fezi yake, ikachukua chache ikawa inapasha kivivuvivu, sebule iliyokuwa na vitu vyepesi ikapewa mia tatu na ushee. Breka haikuanguka hata moja, na ingeangukaje, ampea zilikuwa za kawaida kabisa.

Sasa aibu yenyewe ni hii. Nilimgeukia mama nikamwambia, "mama, jenereta yako imekuja na AVR mbovu". AVR ni kile kidude kinachotuliza volti za jenereta, na nilisema kwa sauti ya daktari kabisa. Sikuwa najua kitu, ila nilisema kama mtu anayejua, na yeye akaamini, akaanza kupiga simu irudishwe ilikonunuliwa. Fundi aliyenifundisha kazi akaja usiku ule na tochi, mzee mmoja haongei. Hakuitazama jenereta wala hakutoa mita. Alifungua chenji ova, akachukua bisibisi akalegeza skrubu moja, akachomoa waya, akanimulikia mbele ya macho. Shaba ilikuwa imechungulia milimita tatu na haikufika popote, skrubu ilikuwa imeng'ata plastiki. Alama ipo pale kama ya jino. Ndo maana nilipovuta ikashika, ilishikwa ganda! Mzee akaniuliza, "hii nayo ni AVR?"

Asubuhi nikaenda kumwambia mama ukweli. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "TV hata sikuwa naiangalia, mwanangu, friji ndo imeniuma." Angenitukana ningejisikia nafuu. Nililipa kidogokidogo miezi saba, na kile kipande cha waya ninacho kwenye boksi la vifaa mpaka sasa, kila kijana mpya nampa akishike, wengine wanakicheka. Sawa.

Kwa hiyo: acha nyutro iwe ndefu kuliko fezi, angalia shaba kwa macho kabla ya kukaza maana kuvuta peke yake hakutoshi, angusha breka zote za DB, hamisha mpini, pima kwenye PATO, yaani upande wa chenji ova unaopeleka umeme nyumbani, fezi kwa fezi mara tatu na fezi kwa nyutro mara tatu, halafu pandisha breka mojamoja ukianza na ya taa, na ukishaweka lodi, yaani vitu vinavyokula umeme, pima tena, kwa sababu mita ya dijito bila lodi inaweza kukuonyesha volti za mzimu ukaridhika bure.

4. Nyutro na ethi (waya wa ardhini), kwa kifupi maana najua mtauliza. Kama chenji ova inakata na nyutro, jenereta inakuwa chanzo chake chenyewe, basi nyutro yake iunganishwe na ethi huko kwenye jenereta. Kama chenji ova haikati nyutro, usiunganishe mara ya pili kwenye jenereta, nyutro imeshafungwa na ethi huko inakotoka. Ukikosea upande mmoja, kinga ya uvujaji, ile swichi inayokata umeme ukivuja, haitaanguka siku mtu anarushwa, ukikosea upande mwingine itaanguka kila saa bila sababu. Kanuni za ulipo zina maneno yake juu ya hili, zisome, kurasa zenyewe si nyingi.

5. Hewa. Kuna mwenzetu alijengewa kibanda kizuri cha kuficha jenereta kwa ajili ya kelele, kuta nne, mlango wa chuma, na yeye akaridhika. Mashine ikawa inazima kila baada ya dakika ishirini, wakabadilisha filta, wakabadilisha mafuta, wakamwita mtu wa injini, kumbe redieta inapuliza hewa ya moto, hewa inagonga ukuta inarudi, injini inavuta moto wake wenyewe. Hewa ya moto itolewe nje kwa njia yake na hewa ya baridi iingie upande wa pili, na tundu la kuingilia liwe kubwa kuliko uso wa redieta. Moshi ndo usifanyie mzaha kabisa. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, inamkuta mtu kalala. Eksozi iangalie mbali na madirisha, mita 6 na zaidi, angalia na upepo wa usiku unaelekea wapi, na king'ora cha gesi hiyo kiwekwe karibu na vyumba vya kulala hata kama mwenye nyumba anaona ni gharama ya bure. Gereji iliyoachwa mlango wazi bado ni ndani ya nyumba. Sibishani na mtu kwenye hili.

6. Vidogovidogo. Jenereta ikigoma kuwaka anza na betri, mara nyingi ni betri, funga chaja ya betri inayokula umeme wa gridi siku zote. Petroli ikikaa miezi inaoza na kuziba kabureta, dizeli inakusanya maji chini ya tangi. Oili ya kwanza imwagwe mapema kama kitabu kinavyosema, usisubiri saa mia. Iwashwe kila mwezi ikiwa na lodi, siyo kuinguruma tupu dakika tano halafu mnapongezana. Kabla ya kuzima iache dakika chache bila lodi ipoe. Kama kuna pampu ya fezi tatu hakikisha mzunguko wa fezi ni uleule wa gridi, la sivyo pampu itazunguka kinyumenyume na maji hayaji na utalaumu kisima.

7. Acha karatasi. Wewe utaondoka, umeme utakatika saa nane usiku, na atakayeshika mpini ni binti wa miaka kumi na tano au babu aliyekuja kusalimia. Andika hatua kwa herufi kubwa, moja mpaka sita, ziwe za kuwasha na za kuzima, bandika, na uwafanyishe mwenyewe kila mmoja mbele yako mara mbili.

Na mimi niliandika hivyo kwenye nyumba moja, karatasi nzuri, nikaipeleka ikachapwa, nikaiwekea plastiki isilowe, nikaibandika kwa upendo wote. Baada ya mwezi nikapigiwa simu usiku, babu analalamika hajui aanzie wapi, namwambia soma karatasi, ananijibu karatasi gani. Nilikuwa nimeibandika ndani ya mlango wa boksi la chenji ova, na lile boksi linafunguliwa kwa bisibisi.