Barua kwa mwanangu: ndege wa baridi ukiwa Liverpool

Mwanangu, voisi noti yako nimeisikiza mara mbili. Unauliza kipi bora, ujikamue hela wende Scotland kuangalia bata bukini, ama ulipe kiingilio kwenye hifadhi ya ndege ya Martin Mere, ama ubaki hapohapo Liverpool, na Jumamosi za bure unazo chache. Mi nakwambia anza Hoylake. Treni tu, kama nusu saa hivi kutoka mjini, na pwani hailipishwi.

Sababu yangu ni hii, ndege wa pwani hawaangaliwi kwa siku moja, we mwenyewe uliona tulivyokuwa tukirudi hori ya Mida huku Watamu wiki baada ya wiki mpaka ukawajua chamchanga, wale ndege wa kudonoa matopeni, kwa mwendo tu kabla hata hujatoa darubini, na ukienda mbali mara moja ukakuta mvua na maji yametoka utarudi na picha za matope basi. Mahali pa kurudiarudia ndio pazuri.

Sasa shika hili la maji. Huku kwetu bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, likijaa ni saa 10, si unakumbuka tulikuwa tunatoka nyumbani saa 8? Huko Liverpool bamvua hujaa saa 6 mchana, na ni maji mengi mwanangu, yanapita mita 9, ya kwetu hata 4 ni shida kufika. Hiyo ni bahati yako kwa sababu Disemba saa 10 jioni jua limeshazama. Tazama mwezi, ukiandama au ukiwa mpevu ngoja siku moja mbili, halafu uwe Hoylake saa 4 asubuhi. Maji yakipanda yanawasukuma ndege kuja upande wako, wewe simama tu palepale usiwafuate, wametoka Greenland na Kanada wale chamchanga wanono wa kijivu, wakirushwa kila saa wanapoteza mafuta ya kuwavusha baridi. Kuna watu wa kujitolea husimama ufukweni kuwalinda, wasalimie, uwaulize, darubini zao ni kubwa.

Utawaona pia wale chamchanga weupe wanaokimbizana na wimbi, hao ni walewale wa Watamu. Aina moja kabisa, wengine wanazaliwa Siberia huko juu wanashuka mpaka kwetu, wengine wanaishia hapo kwako. Wimbi likirudi inama uangalie nyayo zao mchangani. Chamchanga wengine wana kidole kidogo cha nyuma, huyu hana, ni vidole vitatu vya mbele tu. Nilikuonyesha ukiwa darasa la tano ukanibishia.

West Kirby ni stesheni ya mwisho, karibu tu na hapo, na watu huvuka kwa miguu kwenda kisiwa cha Hilbre maji yakipwa. Wewe usivuke peke yako. Sikutishi, lakini maji ya huko yanazunguka kwa nyuma na hujui mikondo yake, nenda na mwenyeji ama usiende kabisa.

Martin Mere weka Januari, mkiwa wawili watatu mchangie nauli maana bila gari kufika ni shughuli. Pale pana wale bata maji wakubwa weupe wanaovuka bahari kutoka Iceland, zaidi ya kilomita 1,000, nao sijawahi kuwaona kwa macho yangu, kwa hivyo hiyo siku piga video ndefu. Scotland itangoja umalize masomo.

Mbayuwayu usiwatafute, wako huku, jana walijaa kwenye waya wa stima pale Dabaso.

Vaa buti zisizoingiza maji, na ukiwa kwenye treni ya kurudi nipigie uniambie zile nyayo umehesabu vidole vingapi.

Mamako