Muulize Daktari: Mama hali chakula, sindano ya kisukari tuizuie?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana kisukari, huchoma insulini mchanganyiko ya 30/70 asubuhi na jioni. Mwezi uliopita alianza kutapika, tukampeleka hospitali ya karibu. Kwa kuwa hakula kitu, nilizuia sindano zote mbili. Kesho yake mchana sukari ilifika 27, anahema kwa nguvu, tukahamishiwa Mbeya mjini. Baadaye wakamtundikia dripu ya sukari! Nusura niichomoe. Nieleweshe.
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Kosa lilikuwa kwenye sindano, si kwenye dripu.

Insulini si ya chakula tu. Mtu akiugua, ini humwaga sukari kwenye damu hata tumbo likiwa tupu. Insulini isipokuwepo, mwili huanza kuchoma mafuta, nayo huacha tindikali ya ketoni. Kwa maelezo yako, inaelekea hiyo ndiyo iliyomfanya aheme vile. Pumzi ya mgonjwa wa namna hiyo huweza kunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Ketoni nazo hutapisha na kuumiza tumbo, kwa hiyo ni rahisi kudhani ni malaria.

Matibabu huanza na dripu ya maji ya chumvi, mara nyingi lita 1 kwa saa ya kwanza kwa mtu mzima. Potasiamu hupimwa kabla ya insulini, kwa sababu insulini huiondoa kwenye damu na kuiingiza kwenye seli. Ikipungua mno, moyo hupiga ovyo. Kisha insulini hupitishwa kwenye mshipa, takriban yuniti 6 kwa saa kwa mtu wa kilo 60. Sasa sikiliza hapa: sukari hushuka mapema kuliko ketoni. Ikikaribia 14, dripu ya sukari huongezwa ili insulini iendelee kumaliza ketoni bila sukari kuporomoka. Ungeichomoa, ungemweka mama hatarini.

Siku nyingine, mkifika mapokezi neno la kwanza liwe: "Anachoma insulini." Toa daftari la kliniki na chupa yenyewe, taja saa na yuniti za dozi ya mwisho. Kisha uliza, na uulize tena zamu ikibadilika: "Sindano ya jioni tufanyeje?" Asiyekula huweza kupunguziwa dozi au kubadilishiwa aina, lakini daktari ndiye anayeamua baada ya kupima.

Anayemeza glibenklamidi, kidonge cha kisukari, ni habari nyingine. Asipokula, kidonge huendelea kushusha sukari hata azimie, na huweza kuishusha tena saa nyingi baada ya kuzinduliwa kwa dripu ya sukari. Msikubali kuondoka naye kwa kuwa tu ameamka.

SWALI: Baba amelazwa. Usiku muuguzi alipima sukari 15. Alipomnawisha mkono na kupima tena, 8. Kipimo kibovu?
Msomaji, Makambako

JIBU: Uliza kama alikuwa amemenya chungwa. Utomvu kidogo tu kidoleni hupandisha namba. Anawe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, ambayo kwa baridi ya huko pia huleta damu kidoleni, akaushwe, achomwe pembeni mwa ncha ya kidole, bila kukiminya sana. Ila mgonjwa mwenye presha iliyoshuka na mikono ya baridi, damu ya kidole huweza kudanganya. Ombeni ya mshipa ipelekwe maabara.