Swali: Nimefanya usaili mara tatu, wakaniambia "tutakupigia", mpaka leo kimya. Wamenidhulumu?

SWALI: Asalaam alaykum shekhe. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Mbagala, chuo nimesomea uhasibu. Kuna kampuni binafsi hapa Dar waliniita usaili, nikafanya wa kuandika nikapita, wa ana kwa ana nikapita, mara ya tatu nikakaa na bosi mwenyewe tukaongea hadi mshahara, akaniambia usichukue kazi kwingine, jumatatu tutakupigia. Kwa neno lile nikakataa kazi ya kaunta kwenye duka la vitenge Kariakoo. Sasa ni miezi miwili na nusu, nikituma meseji whatsapp naona tiki za bluu tu, hawajibu. Je wana dhambi? Naweza kuwaapiza na kuwataja kwenye magrupu? Na mama anasema nimefungwa nyota niende nikatazamiwe. Naomba mwongozo.

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh binti yangu. Swali lako nimelisoma jana baada ya Isha nikalilalia, sikutaka kulijibu juu juu, maana wanaoniuliza hili wako wengi ila wengi wanauliza kwa aibu, mtu anakuvuta pembeni ya msikiti anakwambia shekhe niombee dua, ukimchimba unakuta kuna simu anaisubiri toka mfungo uliopita.

Tuanze na hukumu. Kimkataba hakuna kilichofungwa pale, hamkusaini, kazi hujaanza, kwahiyo huwadai mshahara wala huwezi kusema wamekula haki yako ya pesa. Kilichopo ni ahadi, na ahadi si kitu kidogo. Allah anasema kwenye Suratul Israa aya ya 34 tutimize ahadi, hakika ahadi itaulizwa. Na Mtume swalla Allahu alayhi wasallam katika hadithi ya Bukhari na Muslim ametaja alama tatu za mnafiki, moja wapo akiahidi hatimizi. Sasa maulamaa wamegawanyika kidogo hapa, sisi wa madhehebu ya Shafi na wengi wengine tunasema kutimiza ahadi kunasisitizwa sana na kuiacha bila udhuru ni karaha kubwa, ila yule aliyeahidi na moyoni anajua hatatimiza, huyo kaingia kwenye dhambi moja kwa moja. Wamaliki, wa madhehebu ya Imam Malik, ndio wamelisogelea jambo lako hasa, kwao ahadi ikimfanya mwenzio aingie gharama inakuwa ya lazima, mfano wao maarufu ni mtu anayekwambia bomoa nyumba yako mimi nitakukopesha ya kujengea, ukishabomoa hawezi kugeuka. Wewe binti yangu nyumba yako ulishaibomoa, ile kaunta ya Kariakoo ndio ilikuwa nyumba. Kwahiyo bosi aliyekwambia usichukue kazi kwingine halafu akanyamaza mzigo wake ni mzito kuliko yule aliyesema tu tutawasiliana.

Lakini tuseme hakuahidi kitu. Kunyamaza tu, kuna ubaya gani? Hapa ndio nataka watu wa maofisini wanisikilize, maana najua wapo wanaosoma hapa. Kwenye surah hiyo hiyo ya Israa, aya ya 26 Allah anaamrisha kuwapa haki zao jamaa, masikini na msafiri, halafu aya ya 28 anasema, kwa maana yake, na ukijitenga nao hali unatafuta rehema ya Mola wako unayoitarajia, basi waambie neno laini. Yaani mtu amekuja, wewe huna cha kumpa, mfuko mtupu. Hujalazimishwa kutoa usichonacho. Ila neno umelazimishwa! Nafasi ilikuwa moja na wamekuja watu thelathini, sawa, ishirini na tisa hawana kazi, hakuna anayekulaumu kwa hilo, lakini ile "samahani dada, nafasi amepata mwingine" ni shilingi ngapi? Ni bando la mia tano unawamaliza wote na chenji inabaki.

Sikufichi, na mimi ni mkosaji hapa. Miaka kadhaa nyuma tulikuwa tunatafuta mwalimu wa madrasa, tukawaita vijana kumi na moja, kila mmoja tukamsomesha robo ukurasa na kumuuliza tajwidi, tukawapa chai na kitumbua tukawaambia tutawajulisha inshallah. Tukamchukua mmoja. Wale kumi hakuna aliyewapigia, kila mjumbe wa kamati alidhani mwenzie kapiga. Miezi kama minne baadae niko msibani, tumekaa kwenye mkeka tunasubiri jeneza litoke, kijana mmoja akanisogelea kwa adabu kabisa akanishika mkono akaniuliza "ustadh, samahani kukuuliza hapa, ile nafasi vipi, bado?" Bado! Alikuwa na kanzu ile ile aliyokuja nayo siku ya usaili, ina doa la chai kwenye mkono wa kulia. Wallahi niliona bora ningekuwa mimi ndani ya lile jeneza. Na lile inshallah nililomwambia, jina la Allah nilikuwa nimelitumia kama pazia la kujifichia, hili nalo tulitizame, siku hizi mtu akitaka kusema hapana anasema inshallah.

Kwahiyo wengi wao hawakunyamaza kwa chuki. Wananyamaza kwa uzembe, au wanaogopa kusema hapana, au wamekuweka akiba huyo waliyemchukua akikimbia wakuite wewe, na hiyo ya akiba ndio mbaya zaidi maana wanajua unasubiri. Hata Sekretarieti ya Ajira serikalini, pamoja na lawama zote tunazowapa, wakitoa tangazo la kuitwa kazini wanaandika pale kwamba ambaye hajaona jina lake ajue hakupata na asisite kuomba tena, unajikosa kwenye PDF unalia siku moja unaendelea na maisha. Na jimbo la Ontario kule Kanada kuanzia tarehe 1 Januari 2026 sheria inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi amjulishe kila aliyemfanyia usaili kama uamuzi umeshatoka, ndani ya siku 45. Wenzetu wamelifikia kwa bunge, sisi aya tunaikhitimisha kila Ramadhani.

Kuwaapiza sasa. Aliyedhulumiwa ana ruhusa ya kusema, Suratun Nisaa aya ya 148 iko wazi, na dua yake haina pazia. Lakini pima, wamekukosesha jibu na kaunta, wewe uwaombee kampuni ifilisike? Mle ndani kuna mlinzi na mama wa usafi nao wana watoto. Sema tu Ya Rabbi nimekuachia Wewe, inatosha. Kuwataja kwenye magrupu, Imam Nawawi ametaja sehemu sita ambazo kumsema mtu nyuma yake kunaruhusiwa, kuna kushtaki kwa anayeweza kukusaidia na kuna kuwatahadharisha watu. Rafiki yako akikuuliza kuhusu ile kampuni mwambie ukweli ulivyokuwa, bila kuongeza chumvi. Kuanika jina kwenye grupu la watu 800 ili upoze hasira tu, hapo unatoka kwenye ruhusa unaingia kwenye kusengenya, na thawabu zako unawagawia wao bure.

La mama, mama ni mama, usimjibu vibaya. Ila kutazamiwa usiende. Mtume amesema, na hadithi iko kwa Muslim, mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku arobaini. Nyota yako haijafungwa na mtu binti yangu, waliofungwa midomo ni wale. Na huyo mtazamaji atataka kuku na elfu hamsini, hiyo ni nauli yako ya usaili mara ngapi? Mwambie mama akuombee yeye mwenyewe, dua ya mzazi haitaki kuku. Na wewe shika dua ya Nabii Musa alipofika Madyan hana kazi hana pa kulala, Rabbi innii limaa anzalta ilayya min khayrin faqiir, yaani Mola wangu, mimi ni mhitaji wa kheri yoyote utakayoniteremshia, iko Suratul Qasas aya ya 24. Hebu soma na inayofuata, mzee alimtuma binti yake aende akamwite alipwe kwa kunywesha wale mifugo. Musa hata hakuwa ameomba kazi pale, na jibu lilimfuata chini ya kivuli.

Mwisho umeuliza kimya kimya japo hukuandika, niendelee kuwatumia meseji au niache? Sahaba Abu Musa Al-Ash'ari alikwenda kwa Khalifa Umar radhiyallahu anhuma akaomba ruhusa kuingia mara tatu, hakujibiwa, akageuka akaenda zake. Umar alikuwa kashughulika tu, akamtafuta baadae akamuuliza mbona uliondoka, akasema nimemsikia Mtume akisema mmoja wenu akiomba idhini mara tatu asipopewa arudi. Sasa wewe umeshatuma mara ngapi? Kama ni mbili, tuma ya tatu, iwe fupi, waambie ningependa kujua kama nafasi bado ipo ili niendelee na mipango mingine. Kisha asubuhi panda gari la Kariakoo ukamuulize yule wa vitenge.